Mkurugenzi Huyu Kaletwa na Nani? Mwongozo wa Diwani Mpya wa Arusha

Mheshimiwa diwani, hongera sana. Umeizunguka kata yako alfajiri na usiku, umekunywa chai kwenye nyumba ambazo hukujua kama zipo, umeahidi mitaro, taa za barabarani na vizimba vya soko, na wananchi wamekuamini. Sasa umeapishwa, joho limekukaa, unaingia ukumbini. Mbele kabisa, ubavuni mwa meya, ameketi mtu ambaye wewe hukumchagua, wananchi wako hawakumchagua, na siku mkimchoka hamtaweza kumwondoa. Huyo ndiye mkurugenzi wa jiji. Ndiye katibu wa kikao chako, ndiye mwenye dhamana ya malipo, na ndiye bosi wa mtendaji wa kata yako.

Mwongozo huu una hatua nane. Ukizifuata hutamtia mkurugenzi mfukoni, na hupaswi kutaka kumtia mfukoni. Utakachopata ni kikubwa zaidi: halmashauri ambayo hakuna mtu anayeingia, anayekaa wala anayetoka bila wenye mji kusikilizwa.

MAHITAJI

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, Sura ya 288. Kama kata yako iko Halmashauri ya Meru au Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, chukua Sura ya 287, ya mamlaka za wilaya.

Kanuni za Kudumu za halmashauri yako. Zisome kabla hujauliza kiwango cha posho.

Daftari moja nene, la vikao tu.

Mgongo wa kuvumilia kukaa saa 6 kwenye kiti cha ukumbini.

Simu, iliyozimwa. Sababu iko kwenye hatua ya sita.

HATUA YA 1: CHORA NANI KALETWA NA NANI

Igawe karatasi safu mbili. Kushoto andika waliochaguliwa: wenyeviti wa mitaa 154, madiwani wa kata 25 na wenzao wa viti maalumu, meya, mbunge. Kulia andika walioajiriwa na walioteuliwa: watendaji wa mitaa, watendaji wa kata, wakuu wa idara, mkurugenzi, mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa.

Sasa oanisha. Mtaani, mwenyekiti kachaguliwa na mtendaji kaajiriwa. Katani, wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na mtendaji wa kata ni katibu wako. Jijini, meya anaongoza kikao na mkurugenzi anaandika. Ukipanda wilayani na mkoani, jozi inavunjika: mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wote ni wateule wa Rais, na hakuna mwenyekiti aliyechaguliwa wa kukaa mkabala nao. Ukihamia Arumeru mchoro unazidi kunoga: wilaya moja, mkuu wa wilaya mmoja, halmashauri mbili, wakurugenzi wawili, wenyeviti wawili.

Fuatilia mistari ya safu ya kulia. Karibu yote inaelekea Dodoma. Mkurugenzi huteuliwa na Rais. TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa inayomsimamia, ilihamishiwa Ofisi ya Rais mwishoni mwa 2015. Julai 2016 Rais John Magufuli aliteua wakurugenzi wa halmashauri 185 kwa mkupuo mmoja. Watumishi wengi wa chini yao hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Mchoro huo unakuonyesha ugonjwa wako ni upi. Katika miji mingi duniani, ugomvi wa uteuzi huwa kati ya meya na baraza, na wote wawili wamechaguliwa na watu walewale. Kwetu mwenye kuteua yuko makao makuu ya nchi, na anayeishi na mteule ni baraza la jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wake 617,631. Kwa hiyo usimnunie mkurugenzi aliye mbele yako. Hakujiteua. Shughulika na utaratibu uliomleta.

HATUA YA 2: SOMA HISTORIA YA KITI KABLA YA KUGOMBANA NA ALIYEKIKALIA

Anza Mlima Meru. Chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, Mwingereza alitawala kupitia watemi na mamangi aliowakubali yeye. Wameru hawakulipokea hilo kimya. Mangi Sante, aliyewekwa kitini katika miaka ya 1940, alipingwa na watu wake, na mvutano huo ulikuwa bado unawaka Serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki mwaka 1951. Mwaka 1952 Japhet Kirilo alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza dunia madai ya Wameru. Ukisikia mtu anasema swali la nani kaweka kiongozi wetu ni ushawishi wa wageni, mwelekeze kwa wazee wa Nkoaranga na Poli.

Uchifu ukafutwa 1963. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, Serikali ilianza kuzivunja halmashauri zenyewe na kazi zao zikapewa watendaji wa Serikali Kuu. Huduma za miji zikaporomoka kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa 1978, na za wilaya zikafuata baada ya sheria za 1982. Katiba nayo, kwenye Ibara ya 145 na ya 146, ikaweka wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili wananchi wawe na madaraka.

Ukurasa unaokuhusu zaidi ni wa 1998. Mwaka huo sera ya mageuzi ya serikali za mitaa ilitaka halmashauri ziajiri watumishi wake, ziwapandishe vyeo, ziwasimamie nidhamu na ziwaachishe kazi. Kisha ikaja Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 iliyouweka utumishi wote chini ya mwavuli mmoja wa kitaifa, na marekebisho ya 2007 yaliyoizaa Sekretarieti ya Ajira. Ahadi ya 1998 haikufutwa kwa tamko lolote. Ilipunguzwa sheria kwa sheria, hadi ikabaki midomoni mwa watoa mada kwenye semina za ugatuaji.

Ujue na hoja ya upande wa pili, maana utaisikia siku ya kwanza. Kila halmashauri ikiajiri peke yake, walimu na waganga watabanana Njiro na Sakina, na Ngorongoro na Longido watabaki na majengo matupu. Tena wako madiwani ambao wakipewa nafasi 10 za kuajiri watapeleka majina 10 ya ukoo mmoja. Hoja hizo ni nzito, na haki ya nchi nzima kupata watumishi inastahili kulindwa. Lakini zinahusu ajira za maelfu ya watumishi. Hazielezi kwa nini baraza lisiulizwe chochote kuhusu mtu mmoja anayeshika ofisi ya juu kabisa ya jiji lake.

HATUA YA 3: TUNZA UTEUZI ULIO MIKONONI MWENU

Kabla ya kudai sauti juu ya uteuzi wa mkurugenzi, angalieni mnavyoutumia uteuzi ambao sheria imewaachia: kumchagua meya na naibu meya. Hapo hakuna Dodoma, ni nyinyi na sanduku la kura.

Arusha inajua gharama ya kuuharibu. Desemba 2010 meya alipatikana katika kikao ambacho madiwani wa CHADEMA walikikataa. Walidai utaratibu umevunjwa, na walihoji uhalali wa mbunge wa viti maalumu wa kutoka Tanga kupiga kura kwenye baraza la Arusha. Januari 5, 2011 maandamano ya kudai uchaguzi urudiwe yalikutana na risasi za polisi. Watu watatu walikufa.

Baadaye mwaka huo baadhi ya madiwani wa CHADEMA walifikia mwafaka na wenzao wa CCM ili mji usonge mbele. Chama chao kikawafukuza uanachama watano, mmoja wao wa viti maalumu. Kata nne, yaani Elerai, Kaloleni, Kimandolu na Themi, zikakaa bila mwakilishi hadi Julai 2013. Hata huo uchaguzi mdogo ulisogezwa mbele baada ya bomu kuua watu kwenye mkutano wa kampeni wa CHADEMA viwanja vya Soweto, Juni 15, 2013.

Yote hayo yalianzia kwenye swali dogo la kanuni: nani ni mjumbe halali, na akidi ni watu wangapi. Kwa hiyo, mheshimiwa, siku ya kumchagua meya fanya mambo matatu. Omba orodha ya wajumbe halali isomwe kwa sauti kabla ya kura. Omba akidi ihesabiwe mbele ya wote. Na ukishindwa kihalali, mpe mwenzako mkono, kisha mkakae mezani. Baraza lisiloweza kumpata meya wake kwa amani litaombaje sauti juu ya mkurugenzi?

HATUA YA 4: TUMIA MENO ULIYO NAYO

Madiwani wengi husema hawana nguvu, kumbe hawajafungua kabrasha. Makabrasha yakikufikia usiku wa kuamkia kikao, hilo lenyewe ni hoja ya kwanza. Simama, taja kanuni inayoweka muda wa kusambaza nyaraka, na omba iandikwe kwenye muhtasari.

Baada ya hapo, uliza juu ya makaimu. Kaimu ni mtu aliyekalia nafasi bila kuthibitishwa, na kanuni za utumishi wa umma zinataka hali hiyo isizidi miezi 6. Omba orodha: idara gani ina kaimu, tangu lini, kwa barua ya nani, na ombi la kujaza nafasi limefikia wapi. Mkuu wa idara anayekaimu mwaka wa pili anajua kwamba anaweza kurudishwa nyuma kwa barua ya mistari mitatu. Ni vigumu sana kwa mtu wa namna hiyo kukwambia ukweli mbele ya bosi wake. Kuhoji makaimu ni kumlinda yeye na kulilinda jiji.

Tumia mamlaka ya nidhamu. Baraza la Madiwani lina sauti ya kisheria katika nidhamu ya watumishi wengi wa halmashauri. Ukipewa mashauri hayo, soma utetezi wa mtumishi kabla ya kuinua mkono. Mtumishi aliyekunyima kiwanja si lazima awe mwizi.

Hudhuria kikao maalumu cha hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ukiwa umesoma taarifa yote. Kila hoja ya ukaguzi ina tarehe, na kila tarehe ina mtu aliyekuwa ofisini siku hiyo. Andika kwenye daftari lako: hoja, mwaka, aliyekuwepo, aliyehamishwa. Ukimaliza utaona jambo ambalo taarifa ya mtu mmoja mmoja haionyeshi. Hoja zinabaki Arusha, wahusika wanahama.

Mkipata mkurugenzi asiyefaa, baraza linaweza kupitisha azimio la kutokuwa na imani naye na kulipeleka TAMISEMI. Azimio halimwondoi. Lakini lenye vielelezo vinne, tarehe na fedha zilizotajwa, ni vigumu kulitupa kapuni. Lililojaa hasira tupu huliwa na panya wa masijala.

HATUA YA 5: WAKUBWA WAKIGOMBANA, USINUNUE JEZI YA TIMU YOYOTE

Juni 2020 Arusha ilishuhudia jambo la nadra. Kwa siku moja Rais Magufuli alitengua uteuzi wa watu watatu: Mkuu wa Mkoa Mrisho Gambo, Mkuu wa Wilaya ya Arusha Gabriel Daqarro na Mkurugenzi wa Jiji Maulid Madeni. Siku hiyohiyo wengine watatu wakateuliwa. Sababu ilikuwa inajulikana hadi vijiweni: viongozi hao hawaelewani.

Hebu lipime hilo. Watatu hao waliteuliwa na mkono mmoja. Waligombana mbele ya jiji zima, na aliyewateua ndiye aliyewatoa. Katika mlolongo wote huo, kuja, kugombana na kuondoka, Baraza la Madiwani halikuwa na mahali pa kupeleka kura yake. Mei 2022 sura ikajirudia kwa namna nyingine: Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa ziarani Arusha, alimsimamisha kazi mkurugenzi wa jiji na watumishi wengine kutokana na tuhuma za fedha. Fedha zilizokuwa zinaulizwa ni za jiji. Aliyeuliza alitoka nje ya jiji.

Ziara za viongozi wa kitaifa zinasaidia, na wananchi huzishangilia kwa haki. Lakini ziara huja mara moja na kuondoka na msafara. Jiji linahitaji jicho linaloamka nalo kila siku, na jicho hilo umelipata wewe kwa kura.

Ushauri wa hatua hii ni mfupi. Mkuu wa mkoa akimsema mkurugenzi hadharani, usipige makofi. Mkurugenzi akimsema mkuu wa wilaya pembeni, usiongeze chumvi. Uliza swali moja tu: mradi gani umesimama kwa sababu ya ugomvi huu? Lipeleke kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi, kwa maandishi. Na kumbuka kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 kwa masharti maalumu. Diwani anayejua masharti hayo kwa moyo hutikiswa kwa shida.

HATUA YA 6: ZIMA SIMU

Sasa tumefika penye uchungu. Kinachoyafanya mabaraza yetu yashindwe kuwahoji walioteuliwa si sheria peke yake. Ni matumaini. Diwani anayeota kuteuliwa hawezi kumkemea aliyeteuliwa.

Angalia njia zilivyopishana hapa kwetu. Kalist Lazaro alikuwa meya wa Arusha kwa tiketi ya CHADEMA, akahamia CCM, na Juni 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Lushoto. Joshua Nassari aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki wa Aprili 2012. Juni 2021 na yeye akateuliwa mkuu wa wilaya, Bunda. Gambo alikuwa mkuu wa wilaya ya Arusha mwaka 2016, mwaka huohuo akapandishwa kuwa mkuu wa mkoa, na mwisho wa 2020 alikuwa mbunge wa Arusha Mjini. Kila mmoja ana haki yake ya kisheria kutumikia popote anapoitwa. Lakini njia hizo, ukizitazama zote pamoja, zinamfundisha diwani kijana kwamba udiwani ni chumba cha kusubiria simu ya uteuzi.

Upande wa uchaguzi nao una somo. Athumani Kihamia alitoka ukurugenzi wa Jiji la Arusha mwaka 2018 akawa Mkurugenzi wa Uchaguzi wa Tume ya Taifa. Mwaka 2019 nafasi yake ikachukuliwa na Wilson Mahera, ambaye naye alitoka ukurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Mwaka huohuo, Mei 10, Mahakama Kuu iliamua katika shauri la Bob Chacha Wangwe kwamba vifungu vilivyowafanya wakurugenzi kuwa wasimamizi wa uchaguzi vinakinzana na Katiba. Oktoba, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Ukifikiri uteuzi wa mkurugenzi ni suala la utumishi tu, fikiri tena: mtu huyo anaweza kuwa ndiye mwenye karatasi ya matokeo yako.

Kwa hiyo zima simu wakati wa kikao. Ukimaliza kikao, iwashe, uwapigie wenyeviti wa mitaa yako uwaeleze kilichoamuliwa. Hiyo ndiyo simu ambayo diwani anadaiwa.

HATUA YA 7: VUKA NAMANGA, TAZAMA, KISHA URUDI

Panda gari asubuhi, kabla ya chakula cha mchana umefika mpakani. Ng'ambo ni kaunti ya Kajiado, na huko kiti kimepangwa vingine. Chini ya Katiba ya Kenya ya 2010 gavana huchaguliwa na wananchi. Mawaziri wake wa kaunti hawaingii ofisini hadi bunge la kaunti liwaidhinishe, na hawawezi kuzidi 10. Maafisa wakuu wa idara hupatikana kwa ushindani kupitia bodi ya utumishi ya kaunti, gavana huteua kutoka humo, na bunge la kaunti huidhinisha. Mwananchi wa kawaida anaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi wakati mtu anahojiwa.

Lakini usirudi na kila kitu. Kenya nayo ina Meru yake, chini ya mlima mwingine, na huko bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa gavana Kawira Mwangaza mara tatu: 2022, 2023 na 2024. Mara mbili Seneti ilimrudisha. Agosti 2024 ilimwondoa, na miongoni mwa mashtaka yalikuwemo mambo ya uteuzi kwenye bodi za kaunti. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ikakubaliana na Seneti. Somo la huko ni kwamba idhini ya baraza bila muda maalumu na bila vigezo vilivyoandikwa hugeuka silaha, na kaunti hukaa miaka ikipigania viti badala ya barabara.

Uganda inatufundisha jingine. Katiba yake ya 1995 ilizipa wilaya tume zao za utumishi. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakahamisha uteuzi wa afisa mkuu mtendaji wa wilaya kwenda Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa. Waganda walikuwa nacho, kikarudi juu. Haki isiyotumiwa vizuri na mabaraza hupata wa kuichukua haraka.

HATUA YA 8: PELEKA HOJA YENYE MILANGO MITATU

Sasa una historia, una vielelezo, umesafiri. Andika hoja. Usiombe baraza limteue mkurugenzi peke yake, maana mkurugenzi anayewategemea madiwani kwa mkate wake hatawaambia hapana siku mtakapostahili kuambiwa hapana. Mtaalamu anahitaji ulinzi dhidi yako pia. Omba sauti kwenye milango mitatu.

Mlango wa kuingia. Nafasi ya mkurugenzi itangazwe, waombaji wachujwe na chombo cha kitaifa cha utumishi, na majina matatu yaliyofuzu yaletwe kwa baraza. Baraza liwahoji hadharani kwa siku zilizowekwa na kwa vigezo vilivyochapishwa: elimu, rekodi ya hoja za ukaguzi alikotoka, na uzoefu wa miji. Kisha litoe maoni kwa maandishi. Rais ateue akiwa nayo mkononi. Baraza likichelewa, uteuzi uendelee bila kulisubiri, ili hila za kuchelewesha zisilipe.

Mlango wa kukaa. Mkurugenzi awe na mkataba wa muda unaojulikana, wenye malengo ambayo mama muuza mboga wa Kilombero anaweza kuyapima: taka zinaondolewa siku zipi, mapato ya ndani yamekusanywa kiasi gani, mikopo ya vikundi imetoka lini, nafasi ngapi bado zina makaimu. Mara moja kwa mwaka baraza limtathmini kwa alama, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote.

Mlango wa kutoka. Anayehamishwa au kutenguliwa, sababu ziandikwe na ziletwe kwa baraza. Kwa sasa tunasikia kwenye redio kwamba mtu atapangiwa kazi nyingine, na hatujui kama ameadhibiwa, ameonewa au ameokolewa. Theluthi mbili ya madiwani wakiomba uchunguzi, uchunguzi uwe lazima ndani ya muda uliotajwa. Na mwenye hoja ya ukaguzi isiyojibiwa asihamie halmashauri nyingine kabla hajaijibu.

Kwa upande wetu tulipie bei. Hoja hiyohiyo iwe na kifungu kinachomzuia diwani kupendekeza ndugu yake kwenye ajira yoyote ya halmashauri, na kingine kinachomzuia meya au diwani kupokea uteuzi wa ukuu wa wilaya ndani ya kipindi alichochaguliwa. Tukikiogopa kifungu hiki cha mwisho, tutakuwa tumeeleza wenyewe kwa nini tulikuwa kimya muda wote.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usimgeuze mkurugenzi kuwa adui wa kampeni. Wapo wakurugenzi wanaofanya kazi usiku na mchana huku wakiwa na mabosi wanne na hakuna hata mmoja anayewatetea. Utaratibu mpya utawanufaisha wao kwanza.

Usimwachie mbunge kazi hii. Mbunge anakaa Dodoma miezi mingi ya mwaka. Ni wewe unayekutana na mtendaji wa kata kila wiki.

Usingoje Katiba mpya ndipo uanze kuuliza juu ya makaimu. Swali hilo lina kanuni yake tayari.

Usikubali hoja ya kwamba wananchi hawajali mambo ya uteuzi. Waulize wafanyabiashara wa Samunge, walioona viongozi wakija na kila mmoja akawa na mpango wake wa mahali pa kuwaweka. Wao huita jambo hili kwa jina fupi: kuanza upya.

Kikao kijacho cha robo mwaka, wasilisha hoja ya milango mitatu kwa maandishi, ndani ya muda wa kanuni, ikiwa na saini ya diwani mmoja wa chama kingine kama yupo, na kama hayupo, ya diwani mmoja ambaye hamkubaliani kawaida. Omba kura ya majina, ili kila kata ijue mwakilishi wake alisimama wapi. Ikipita, nakala ziende TAMISEMI, kwa wabunge wote wa mkoa, na kwa halmashauri nyingine sita za Arusha: Meru, Arusha, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro, ziombwe kupitisha ya kwao. Halmashauri moja ikilalamika, Dodoma watasema ni Arusha na siasa zake. Saba zikileta hoja ya maneno yaleyale, itabidi ijibiwe. Na ikishindwa kwenye ukumbi wako, iandike tena daftarini: robo mwaka nyingine inakuja baada ya miezi mitatu.